Kuku wa Mama Chintan

Jumapili, 9 Januari 1994

Nimeanza daftari jipya. Nilikuwa mkaguzi wa shule, na kazi ile ilinizoesha kuandika kila jioni nilichokiona mchana. Siku hizi ninachokiona ni uani tu: banda la kuku, pipa la maji, mwarobaini uliojibana ukutani, na ngazi ya nyuma ya ghorofa ya jirani. Daktari amesema moyo umepanuka. Nisile chumvi, nisinywe maji mengi, nisilale chali. Sikumwuliza nimebakiza muda gani, naye nilimwona akishukuru kwa kutoulizwa.

Mwanangu Ansbert amerudi jana kutoka Kibosho. Ni mara ya kwanza Krismasi imepita nami sikupanda nyumbani. Nilibaki hapa Kariakoo na mkewe, Euphrasia, tukasali kwa redio.

Kuku leo hakula.

Jumatatu, 10 Januari

Hakula tena. Joto.

Jumatano, 12 Januari

Niandike habari za kuku huyu vizuri, maana si wangu.

Ni wa Mama Chintan, mjane wa marehemu Umakant aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili. Anakaa ghorofa ya kwanza hapo jirani, na ngazi yake ya nyuma inashukia uani kwetu. Mwaka juzi mkokoteni wa matenga ya kuku ulipinduka ukielekea sokoni Shimoni. Kuku walikimbia, na wote wakakamatwa, isipokuwa mmoja aliyepanda ngazi mpaka mlangoni kwa Mama Chintan akasimama pale. Mama Chintan alikuwa ndiyo kwanza anawasha taa ya sala. Watu wake hawali nyama wala mayai. Alipotoka akamkuta kuku mlangoni, akaona kwamba aliyekuja kuomba hifadhi hafukuzwi. Mwenye mkokoteni alipofika na kamba, mama akamlipa, akamwambia aende zake.

Ghorofani mkwewe, Rinkal, mke wa Chintan, alikataa kinyesi juu ya vigae vyake. Hivyo kuku akaja kwangu. "Baba Ansbert," aliniambia, "akae kwako, lakini kisu asikione. Mpaka afe mwenyewe." Nikasema sawa. Alimpa jina Rani. Tangu hapo kila asubuhi alishuka na kopo la mtama, akaketi kwenye ngazi ya chini, tukaongea huku kuku akidonoa. Mayai tulikula sisi. Yeye hakuwahi kuyagusa, wala kutulaumu.

Kabla ya Krismasi alikwenda India kwenye harusi ya Pranav, mtoto wa dada yake, na kutibiwa macho. Atarudi Machi. Siku ya kuondoka aliniachia kopo la mtama, na akamfungia Ansbert chakula cha njia, kama anavyofanya kila mtu wa nyumba hii anapopanda Moshi: chapati na viazi vya manjano ndani ya gazeti. Cha kwangu huwa anakipika mbali, bila chumvi, anakifunga kwa uzi mwekundu kisichanganywe. Safari hii nilikuwa sisafiri, lakini alinifungia hata hivyo. "Ule hapa hapa," alisema, "ujione uko njiani."

Amezaliwa Kisutu, mimi Kibosho. Kwa hali yangu, ndiye rafiki niliyebaki naye.

Jumamosi, 15 Januari

Rani amejikunja pembeni ya banda, manyoya yamesimama, mdomo wazi. Kilemba kimekuwa cheusi kama zabibu kavu. Uani kote ni saruji na bati, na kuanzia saa tano huwezi kuweka kiganja ukutani.

Ramadhan, jirani wa nyumba ya pili anayeuza kuku Shimoni, alikuja kunijulia hali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nitazamie huyu."

Aliinama, akamfunua bawa. "Mzee, mwahi."

"Nimwahi vipi?"

"Mwahi kisu. Ukilaza damu utakuta kibudu kesho, umekosa kuku na umekosa mchuzi."

Euphrasia alikuwa anafua. "Ndiyo ninayomwambia mimi, kaka Ramadhan. Baba anahitaji supu, na supu inajifia bandani."

"Si wetu," nikasema.

"Mwenyewe yuko India baba, anakula harusi."

"Mwenyewe hali kuku."

"Basi hatatudai paja," akasema Ramadhan, wakacheka wote wawili. Nami nilicheka. Ndivyo tunavyofanya wote mji huu: kuku akisinzia tu, kisu kinanolewa. Nimekula wengi wa namna hiyo maishani bila kuuliza.

Ijumaa, 21 Januari

Maji hayakutoka bombani siku ya nne. Nimempa Rani kikombe changu cha mchana.

Jumamosi, 29 Januari

Hafi, hapati nafuu. Ramadhan anasema ingekuwa ugonjwa wa kideri angekwisha kufa zamani na shingo imepinda. Labda ni joto tu, labda ni uzee. Euphrasia, pamoja na maneno yake yote, ametwanga majani ya mwarobaini akamnywesha maji yake kwa kijiko. Mimi nimefungua kidonge cha rangi mbili, nimekoroga unga wake na uji. Namshika mapajani, namfungua mdomo kwa ukucha, namdondoshea.

Tunakaa hivyo mchana kutwa, yeye kwenye kikapu cha nguo, mimi kwenye kiti cha kukunja, maana siwezi kulala chini nikapumua. Umeme ukikatika feni inasimama, na hapo nasikia pumzi zetu. Zake ni fupi kuliko zangu. Nikihema kwa mdomo wazi Euphrasia hutoka jikoni kututazama, na simwulizi anamtazama nani.

Nitasema ukweli: majuma haya mawili sikuwa mpweke. Kila mtu anayeingia nyumba hii ananiambia nitapona. Kuku haniambii kitu. Yupo tu, anakwenda ninakokwenda.

Ijumaa, 4 Februari

Padre Polycarp ameniletea komunyo kama kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilitubu uvivu wa sala na hasira kwa Ansbert. Akamtazama kuku kikapuni. "Na huyu naye nimpake mafuta?" Ana mdomo yule padre.

Hasira kwa Ansbert ni hii. Jana alikuwa jikoni na mkewe wakidhani nimesinzia. Anataka kunipandisha Kibosho kabla masika hayajaanza.

"Baba hawezi safari," Euphrasia alisema.

"Sasa hivi anaweza kukaa kwenye kiti. Akikaa kwenye kiti ni safari. Akilala kwenye jeneza ni kamati."

"Ansbert, jamani!"

"Nasema uongo?"

Hasemi uongo. Ana duka la vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo, ana kontena bandarini, na ana ramani ya ghorofa itakayosimama hapa nilipoketi. Kila mtu anavunja nyumba siku hizi. Nyumba za udongo na chokaa tulizozikuta zimebaki kama meno ya mzee. Simlaumu. Ila nilikuwa sijazoea kusikia nikipangwa kama mzigo.

Ijumaa, 11 Februari

Joto. Kuku yuleyule, mimi yuleyule.

Jumatano, 16 Februari

Kwaresima imeanza, na Waislamu nao wamefunga tangu majuzi, kwa hiyo mtaa mzima una njaa mchana na hakuna anayecheka. Padre alituma katekista na majivu. Miguu imevimba mpaka magotini. Nikiibonyeza, shimo linabaki.

Usiku sikulala. Nilimwambia Rani, "Tangulia wewe, au nitangulie mimi, lakini tusipishane sana." Naandika hili ingawa ni aibu kwa mtu wa umri wangu.

Jumapili, 20 Februari

Rani ameshuka kikapuni mwenyewe.

Alhamisi, 24 Februari

Amekula. Nilimmwagia mtama wa Mama Chintan bila matumaini, kwa mazoea tu, akaja akitetereka, akadonoa. Kilemba kimerudi rangi. Jioni alichakura chini ya mwarobaini kama vile hajawahi kuumwa.

Euphrasia hakuwepo, alikuwa Mchikichini tangu asubuhi kutafuta nguo za mtumba. Nimeona peke yangu. Alipouliza jioni, "Kuku vipi, baba?" nikasema, "Vilevile."

Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Ijumaa, 25 Februari

Kuku amechinjwa leo. Nimekunywa supu.

Jumapili, 27 Februari

Kwa siku mbili nimekaa na mstari ule wa Ijumaa. Ningekuta mwalimu mkuu ameandika taarifa ya namna ile ningemrudishia. Niandike upya.

Ijumaa niliamka vibaya. Nilikuwa ninapumua kama mtu aliyefunikwa mto. Euphrasia alinitoa uani, akaniweka kwenye kiti, akaingia ndani. Rani alikuwa kwenye mtama. Alishiba, akaja miguuni pangu, akakitazama kikapu, hakuingia. Akaenda zake. Akaruka, naye alikuwa hajaruka tangu Krismasi, akatua juu ya pipa la maji, akajipukuta, akalia ile sauti ya kuku anayetaka kutaga.

Hapo kitu kilinishika. Nimejaribu kukiita huruma, nimejaribu kukiita njaa. Si huruma, maana hapakuwa na wa kuhurumiwa. Njaa ilikuwepo kidogo, lakini mtu mwenye njaa husema ana njaa. Kilikuwa kijicho. Nilimwonea kijicho kuku. Alikuwa amekaa nami ukingoni mwezi mzima, kisha akaondoka akaniacha, wala hakugeuka.

Nikamwita Euphrasia. "Rani amezidiwa," nikasema. "Kamwite Ramadhan amwahi."

Alitazama nje, akamwona juu ya pipa. "Huyu?"

"Ni nguvu za mwisho. Mwite."

Katika uani wetu, tangu nilipohamia, hatuchinji wenyewe. Tunamwita Mwislamu, ili mchuzi ukiiva jirani yeyote aweze kuonja. Kwa hiyo hata uovu huu sikuufanya kwa mkono wangu. Nilimpa mtu aliyefunga.

Ramadhan alikuja adhuhuri, midomo imekauka. Alimkamata miguu, na Rani akapiga mabawa mpaka vumbi likatimka.

"Mzee," akasema, "huyu mbona mzima? Cheki anavyonipiga teke."

Nilitazama kikapu kitupu.

"Mzee, huyu kapona huyu. Kapona kabisa. Si umwache, mwenyewe anarudi juma lijalo?"

"Chinja."

Alinitazama. Katika miaka yote hakuwahi kunitazama vile. Kisha akamgeuza kuku kibla, akasoma anachosoma, akakata. Hakungoja shukrani. Alinawa mikono bombani, bomba halikuwa na maji, akaifuta kwenye kanzu akaondoka.

Euphrasia alipika bila chumvi. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, naye akasema mgonjwa halazimiki. Aliniletea bakuli, na juu yake firigisi, kwa heshima ya baba mwenye nyumba. Akasimama.

"Baba, nilipoipasua ilikuwa imejaa mtama."

Nilikula firigisi. Nilikunywa bakuli zima. Kisha, Mungu anisamehe, nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu Novemba.

Jumatano, 2 Machi

Ansbert amepanga safari Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Nimekubali. Mama Chintan anarudi kabla ya hapo. Natamani ndege ichelewe.

Ijumaa, 4 Machi

Nilimtubia Padre Polycarp yote, nikaficha uso. Nilipoinua macho alikuwa anauma midomo asicheke.

"Mzee Aristides, kuku ni chakula. Kama ni ile Ijumaa, wewe ni mgonjwa, Kanisa limekuruhusu."

"Padre, niliua kwa kijicho."

"Basi sali Salamu Maria tatu."

Nimesali. Nilipomaliza, hakuna kilichokuwa kimeondoka. Nimeelewa kwamba deni hili si la padre kulifuta. Niliweka ahadi kwa mtu mmoja, na mtu huyo anapanda ndege kesho.

Jumapili, 6 Machi

Amerudi. Nilisikia ndala zake ngazini kabla sijamwona. Amekonda, ana miwani myeusi, macho yamesafishwa. Euphrasia alimwahi kwenye ngazi ya chini. Nilisikia kila neno.

"Mama Chintan, pole na safari. Rani hatunaye. Joto, mama. Alijifia mwenyewe, usingizini. Baba alimhangaikia mpaka mwisho."

Euphrasia hakusema kwa hila. Alitaka kunisitiri, nami nilimwacha.

Mama Chintan alikuja akanishika mkono. "Najua ulimkalia," alisema. "Chintan aliniambia kwenye simu, mzee anamlisha kwa kijiko." Alilia kidogo chini ya miwani. "Mmemfukia wapi?"

Euphrasia, bila kupepesa, akaonyesha mguu wa mwarobaini.

Hapo ndipo tunapomwaga maji ya vyombo.

Jumatatu, 7 Machi

Asubuhi alishuka na mtama. Akaumwaga kwenye mguu wa mwarobaini, akasimama mikono imekutana kifuani. Alipopanda juu kunguru wakashuka.

Jumanne, 8 Machi

Tena. Safari hii na maziwa kidogo kwenye kikombe cha shaba. Akaniambia, "Mtu ukiwa mbali unaogopa. Nilisema, huko kuna Baba Ansbert, siogopi."

Nilifungua mdomo. Kikohozi kikanishika, akanipiga mgongoni mpaka kikatulia.

Alhamisi, 10 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Leo alizungumza habari za harusi, akanionyesha picha za Pranav na bibi harusi, Sejal, wote wamevaa mashada kama wamezikwa kwenye maua. Nilicheka palipostahili kucheka. Kwa juu juu kila kitu kilikuwa kama zamani, na hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Nikipanda gari Jumamosi bila kusema, ataendelea kumwaga maziwa juu ya maji ya vyombo mpaka Ansbert avunje ukuta, na atanikumbuka kwa wema. Nitakuwa nimeiba mara ya pili.

Ijumaa, 11 Machi

Nimesema.

Nilimwomba Euphrasia aende sokoni. Mama Chintan aliposhuka na kopo nilimwita kabla hajafika mwarobainini.

"Mama Chintan, hayupo hapo."

"Nani?"

"Rani. Hakufukiwa. Alichinjwa."

Alivua miwani. Macho yake mapya yalikuwa mekundu, yakinitazama bila ukungu.

"Nani alimchinja?"

"Ramadhan alishika kisu. Mimi ndiye niliyemwita."

"Alikuwa anakufa?"

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, na tungelia pamoja.

"Hapana. Alikuwa amepona. Alikuwa amekula mtama wako asubuhi ile."

Aliketi kwenye ngazi yake ya chini, polepole. "Ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikula yote?"

"Bakuli zima. Na firigisi."

"Kwa nini?"

"Alipona," nikasema, "na mimi sikupona."

Aliligeuza kopo mikononi. Huko mtaani wamachinga walikuwa wananadi mashati, na mtoto wa mtu alikuwa analia.

"Umakant," akasema mwishowe, "juma lake la mwisho, alikuwa ananiambia nizime redio. Watu kwenye redio wanacheka, alisema, kwa nini wanacheka. Nikawa nazima."

Nilishusha pumzi. Nilidhani nimepewa kitu.

"Lakini redio haina shingo, Baba Ansbert," akasema.

Alisimama. Alikwenda kwenye mwarobaini, akainama kwa shida, akaokota kikombe chake cha shaba. Akachukua na kopo la mtama. Alipopanda hakushika ukuta kama alivyozoea. Nilihesabu mlango wake: kitasa, komeo, kisha komeo la juu ambalo sikuwahi kulisikia likifungwa mchana.

Jumamosi, 12 Machi, njiani

Ninaandika garini, tumesimama Chalinze. Mvua imetukuta Mlandizi, ya kwanza, matone makubwa ya kupasua vumbi. Nimefunguliwa dirisha nipate hewa.

Alfajiri Ansbert alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Sikumwona Mama Chintan. Nilitazama ngazi mpaka tukakata kona. Ramadhan alikuja akanipa mkono, hakunitazama usoni.

Sasa hivi Euphrasia amefungua kapu. "Afadhali Mama Chintan hakutusahau," alisema. "Alimtuma Rinkal alfajiri na chakula cha njia." Harufu ya viazi vya manjano imejaa gari. Akatoa furushi la gazeti, akampa mumewe. Akatoa la pili. Akapekua chini ya kanga, chini ya chupa ya chai, akaliinamisha kapu kwenye mwanga.

"La baba liko wapi? Lile la uzi?"

"Angalia vizuri," Ansbert alisema.

"Nimeangalia. Ameweka mawili." Akanigeukia kwa huruma. "Uzee, baba. Amesahau. Ngoja tugawane hili langu."

Alimega chapati, akaninyooshea. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kama ilivyopaswa kupiga bati la uani.

"Kula wewe, mwanangu," nikamwambia. "Hiyo ina chumvi."